Jinsi ya Kuwa Dereva Mpole Bila Kuacha Hasira Yako

Hakuna anayekuomba uwe mtu mwema. Tuelewane hapo kwanza, usije ukadhani umekaribishwa kwenye mahubiri. Wema unataka miaka, mfungo, na mara nyingine mchungaji. Wewe una gari, una haraka, na kila asubuhi una njia ya kushuka kutoka Munigi mpaka mjini Goma. Ninachokufundisha ni kitu chepesi zaidi: kuonekana mpole. Abiria watakusifu, mama watoto atashangaa, shingo itaacha kukuuma, na hasira yako utabaki nayo nzima, ukaitumie kwenye mpira.

Njia yenyewe unaijua. Ni Barabara ya Taifa namba 2, ile inayotoka Rutshuru, ikapita Rumangabo, Kibumba na Kibati, ikakatiza Munigi juu ya mawe meusi ya volkano, kisha ikamwaga kila kitu mjini. Ndani ya kilomita chache utakutana na Fuso lililobeba maharagwe na watu juu ya maharagwe, motari, yaani bodaboda, mwenye abiria wawili na godoro, Land Cruiser nyeupe ya shirika, watoto wenye bidoni za njano za maji, mama mwenye kabichi mgongoni, mbuzi, na chukudu, kile chombo cha mbao nitakachokieleza mwishoni. Wote hao, kwa hesabu yako, waliamka alfajiri wakakaa kikao cha kukuchelewesha.

Methali za subira tulizisoma zote shuleni. Aliyesema mvumilivu hula mbivu hakuwahi kufuata moshi wa Fuso kutoka Kibati. Tuziache ubaoni, tushike hatua.

Hatua ya kwanza: Mpandishe kila mtu cheo

Husemwa kwamba hasira ni kipofu. Hasira ya dereva inaona vizuri kuliko dereva mwenyewe. Mwaka 1968 watafiti wawili, Anthony Doob na Alan Gross, walichapisha matokeo ya jaribio la kichokozi. Gari lao lilisimama kwenye taa za barabarani, taa ikawaka kijani, gari likakataa kuondoka. Nyuma yake yupo dereva asiyejua lolote, nao wanatazama kama atapiga honi. Gari lao lilipokuwa kuukuu, zaidi ya wanane katika kila kumi walipiga. Lilipokuwa jipya na la kifahari, nusu nzima ya madereva walikaa kimya. Taa ni ile ile, kosa ni lile lile. Kilichobadilika ni bei ya bati.

Sisi wa Goma hatukuhitaji utafiti. Pikapu ya wanajeshi ikisimama katikati ya barabara, na nasema jeshi lolote (njia hii imeshapitiwa na mengi, nakushauri usihesabu), utasubiri. Utapunguza redio. Utagundua ghafla kwamba muda unao, na kwamba mlima unapendeza asubuhi hii. Dakika mbili baadaye mama wa kabichi anavuka polepole, na wewe huyo umetoa kichwa dirishani: “Mama, unatembeaka namna gani?”

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, lava ikateremka, ikateketeza vijiji, na ikakata barabara hii hii kaskazini ya mji. Hakuna foleni iliyowahi kuwa na sababu kubwa zaidi ya kukasirika. Sijasikia dereva hata mmoja aliyeipigia lava honi, wala aliyeiuliza kama inajua yeye ni nani.

Kwa hiyo uvumilivu unao tayari, tena mwingi, ila unaugawa kwa upendeleo. Ujanja ni huu: mpandishe kila mtu cheo. Chukudu likikuziba, jiambie limembeba kanali. Motari aliyekukatia njia ni mpwa wa gavana. Mama wa kabichi ni dada mkubwa wa mama mkwe wako, na jioni atapita nyumbani kueleza aliyoyaona. Sikudai uwaheshimu watu. Waogope tu, kazi ambayo umeshaifanyia mazoezi ya kutosha.

Hatua ya pili: Kasirika kwa Kifaransa

Tusi la Kiswahili hutoka lenyewe, ulimi haupati hata nafasi ya kumuuliza bwana wake. Na hapo ndipo gharama inapoanzia, kwa sababu kila mtu kuanzia Munigi hadi Birere amelielewa. Motari uliyemtukana atageuza pikipiki, atasimama kando ya dirisha lako, na wenzake wa kituo watakuja kuuliza kuna nini. Motari hana ndugu mpaka siku anapogombana na mwenye gari. Siku hiyo anapata ukoo mzima.

Jiwekee sheria, basi. Kutukana ruhusa, lakini kwa Kifaransa cha darasani, sentensi kamili, kitenzi mahali pake. Utaanza kwa kishindo: “Monsieur, il faudrait que vous...” Hapo umekwama. Kitenzi kinachofuata kinataka umbo lile lililotuletea viboko darasa la sita, na wakati unalitafuta, mtu mwenyewe ameshafika soko la Virunga na ameshapakia abiria mwingine. Umekasirika, umeonekana msomi, na hakuna aliyejeruhiwa.

Kama Kifaransa nacho kinakushinda, tumia salamu. Kabla ya kumtukana mtu, msalimie kwanza. Jambo papa, habari ya nyumba, watoto wanaendelea? Jaribu kuweka tusi baada ya hapo uone kama litakaa.

Hatua ya tatu: Toa kile ambacho hukuwa nacho

Sheria ya barabara ya nchi yetu, namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inampa nafasi ya kwanza kwenye njia panda yule anayetokea kulia kwako. Ni sheria nzuri, na kwa umri wake ingeshakuwa na wajukuu. Barabara nayo ina sheria yake, fupi zaidi: apite mkubwa. Fuso kabla ya Noah, Noah kabla ya motari, motari kabla ya mwenye miguu, na mbuzi kabla ya wote, kwa kuwa mbuzi ana mwenyewe, na mwenyewe atadai bei ya ng’ombe.

Hapa pana utukufu wa bure umelala, nashangaa watu hawauokoti. Fuso linakuja. Halina nia ya kusimama, pengine halina uwezo. Dereva wa kawaida ataongeza moto, atapiga honi, kisha atakanyaga breki karibu kabisa, abiria wote wamehamia kiti cha mbele. Wewe simama mapema. Toa mkono dirishani taratibu, kiganja wazi, kama askofu anayebariki shamba, ulipitishe. Umelipa nini lile Fuso? Hakuna, lingepita tu. Lakini abiria wako hawajui hesabu hiyo. Utasikia sauti kutoka nyuma: “Papa huyu anaendeshaka muzuri.” Sifa imeingia mfukoni na hujatoa hata faranga.

Ukishaizoea ladha yake, utajikuta unatoa hata nafasi zilizokuwa zako kweli. Usiogope. Sifa ni ile ile, na mkono ni ule ule.

Hatua ya nne: Muulize aliyekaa kushoto

Kongo tunaendesha upande wa kulia. Magari yetu mengi, hata hivyo, yalizaliwa Japani, yakashukia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, yakatufikia na usukani wao kulia vile vile. Kwa hiyo wewe unayetaka kulipita Fuso umekaa upande wa mtaro. Unachokiona ni tairi la Fuso na moshi wake. Anayeiona barabara ni abiria wako wa kushoto.

Kwa dereva mwenye majivuno hii ni adhabu kubwa: mwenye gari anamuuliza mlipa nauli kama apite au asipite. Na abiria wenyewe wana tabia zao. Yupo jasiri, ambaye amechelewa harusini na atakwambia “pita tu, papa” hata lori likiwa linaonekana meno. Yupo aliyesinzia, anayejibu ndiyo kwa swali lolote, hata ukimuuliza jina la baba yake. Na yupo mwoga. Mwoga akiona vumbi Kibati anasema bado. Akiona vumbi limetulia anasema ngoja kidogo. Akiona barabara nyeupe kabisa anauliza kwani haraka ya nini.

Mwoga ndiye mtu wako. Mweke kushoto, hata ikibidi kumhamisha mtu mwingine. Atakufikisha mzima, na mkichelewa, kosa ni lake. Utamwonyesha kwa kidevu tu. Watu wote watashuka wakisema dereva huyu anasikiliza ushauri.

Hatua ya tano: Iba dakika zako kwingine

Tupige hesabu kidogo, halafu tuendelee na mambo ya maana. Chukua kilomita 6. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, utatumia dakika 12. Ukiwatimua wote, ukapanda mawe, ukamrusha mbuzi roho, ukafikisha mwendo wa kilomita 40 kwa saa, utatumia dakika 9. Umeokoa dakika tatu.

Sasa tazama utakavyozitumia. Unafika kazini, mlango umefungwa. Mlinzi mwenye funguo yuko ng’ambo anakunywa chai. Unasimama kwenye vumbi jeusi na hasira mpya kabisa. Mkutano wa saa tatu mjini kwetu unaanza saa nne, na mkubwa aliyeuitisha anaingia wakati watu wanaomba maji. Ulikuwa unamkimbilia nani?

Dakika tatu zipo kwenye simu unayoisoma kitandani, zipo kwenye kioo cha kunyolea. Zichukue huko kimyakimya, uondoke mapema, lakini usimwambie mtu. Ukifika, futa jasho, lalamika kwamba njia leo ilikuwa mbaya sana. Utapewa pole ya msongamano na sifa ya kuwahi, vyote kwa siku moja.

Hatua ya sita: Bandua maandishi ya kioo cha nyuma

Ukiwa umeandika jina la Yesu nyuma ya gari, kila tusi unalotoa lina mashahidi. Chagua kimoja, maandishi au tabia. Kubandua kunachukua maji ya moto na wembe.

Hatua ya saba: Mwite shefu mara moja tu

Polisi wa barabarani akikusimamisha, njia ziko mbili. Ile ya ghali ni kumuuliza kama anakujua wewe ni nani. Angekujua asingekusimamisha, na kwa kuwa hakujui, umemwomba achunguze, naye ana siku nzima. Njia ya bei nafuu ni bahasha moja yenye leseni, bima, vignette ya kodi na kadi ya gari, unayompa yote kwa mpigo na tabasamu fupi. Ataangalia taa. Ataulizia pembetatu, ataulizia kizima moto. Mwache atafute, ndiyo kazi. Mwite shefu mara moja. Mara ya pili inavumilika. Ya tatu inamwambia kwamba bima yako imeisha.

Na mikono ibaki kwenye usukani. Hasira nyingi za barabarani zinaanzia vidoleni: kidole kinanyooshwa, mwenzako naye ana vidole.

Kinshasa walitafuta dawa nyingine. Kuanzia 2013, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimika katika njia panda roboti kubwa za alumini, zenye mikono inayogeuka na taa nyekundu na kijani kifuani. Roboti haichoki na jua, haina shemeji, na haina mfuko. Madereva wa Kinshasa, watu wasioogopa kitu, walijikuta wamesimama mbele ya bati wakisubiri ligeuke. Shefu wetu ni binadamu, na binadamu anakasirika tukikasirika.

Nitoke nje ya hatua kidogo, maana kuna jambo ambalo ujanja wangu haulifikii.

Hasira nyingi unazokutana nazo kati ya Kibati na Majengo hazikuanzia barabarani. Zilipandia kwingine. Mtu wa rika langu alikimbia lava ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyokatisha mji mpaka ziwani. Akajenga tena. Akaikimbia ya 2021. Kisha vita, na kuanzia 2022 kando ya barabara hii, pale Kanyaruchinya, yakasimama mahema ya turubai ya watu waliotoka Rutshuru na godoro kichwani. Januari 2025 mji wenyewe ukabadili mikono, benki zikafungwa, ndege zikanyamaza. Huyo motari aliyekukwaruza kioo huenda hajapata bado versement, yaani hesabu ya leo, na mwenye pikipiki anamsubiri jioni, pesa kamili, vita au si vita. Hilo halimpi haki ya kukugonga. Linaeleza tu kwa nini honi yako haimtishi: ameshatishwa na vitu vikubwa zaidi.

Basi. Turudi kwenye udanganyifu.

Hatua ya mwisho: Chukudu, na hapa sitanii

Ukifika mjini, tazama Rond-point Tshukudu. Juu ya nguzo kuna mtu wa rangi ya dhahabu na chukudu lake la dhahabu, na mji mzima unapiga naye picha. Chini ya nguzo, madereva wanazunguka wakiyapigia honi machukudu ya mbao yasogee. Juu tunaliheshimu, chini linatuchelewesha.

Wewe msomaji wa Mombasa au Dodoma ambaye hujawahi kuliona, hilo ni chombo cha mbao tupu: ubao mrefu, usukani wenye pembe mbili, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu. Halina injini, halina mnyororo, halina kanyagio. Hubeba makaa, viazi, kabichi za Kibumba, mbao, mifuko ya saruji, mzigo wa kilo mia kadhaa ambao gari lako lingeukataa. Penye mlima mwenyewe hulisukuma, mara nyingine na watoto wawili nyuma. Penye mteremko hupiga goti moja juu ya ubao na kuuachia mlima ufanye kazi. Na kutoka Kibumba kuja Goma, ndugu yangu, mteremko ni mrefu.

Breki yake mara nyingi ni kipande cha mpira nyuma, anachokikanyaga kwa mguu mpaka kisuguane na gurudumu. Hiyo ndiyo breki. Kwa mzigo ule, kwenye mteremko ule, inapunguza mwendo. Kusimamisha ghafla haiwezi. Ukipiga honi mara kumi, hujamwongezea mpira. Ukimtukana kwa lugha zote tatu unazozijua, hujampunguzia gunia. Zile hila zote za kanali na za mpwa wa gavana zina faida kwa sifa yako. Hii ya chukudu ina faida kwa mguu wa mtu, kwa kioo chako cha mbele, na kwa kabichi za familia nzima.

Unapopanda kurudi Munigi jioni, ukaliona linashuka mbele yako na mwenyewe amepiga goti, ujue akikwepa shimo ataingia upande wako. Ondoa mguu kwenye moto, shika kulia kabisa, lipishe. Kama nyuma yako kuna mtu anapiga honi, mwache apige. Huyo hajasoma mwongozo huu, na ukifika salama unaweza kumwazima.